Usiku baharini nahisi Mungu yuko hapo hapo, kiongozi wa seli (kikundi chetu cha maombi) anasema ni majini, yaani mapepo. Mwaonaje?

SojaWaShanzu aliandika:

Wapendwa habari zenu, mie ni mgeni humu, nimekuwa nikisoma tu kimya kimya kama mwaka hivi, leo nimeona niulize manake hili jambo limenikaa kooni na nyumbani limeshaleta maneno.

Kazi yangu ni usoja wa usiku, kuna ploti fulani huku Shanzu imetazama bahari, naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi, ofu yangu ni Jumanne peke yake. Kwa hivo Jumapili hufika kanisani kama maiti, nikikaa tu nalala, mke wangu ananifinya, spika ziko pale mbele zinapiga mpaka kifua chatetemeka na mie nakoroma. Sijivunii. Nimeokoka tangu 2009 huko kwetu Magharibi, Mombasa nilikuja 2016 kutafuta riziki, na nikisema ukweli maombi yangu ya maana yote nimeyafanyia pale ukutani usiku, nimekaa kwa kiti cha plastiki, rungu mapajani, nasikiza maji.

Sasa juzi, kiza totoro, mwezi haujaandama, yapata saa tano usiku na maji yamepwa yameenda mbali, mbwa wa bosi akaanza kubweka upande wa ufuoni ikabidi nishuke nione ni nani. Hakuna mtu. Tochi nayo ikanizimikia. Nikasimama macho yazoee kiza, alafu nikapiga hatua kwa mchanga ulolowa, nkaona chini ya kiatu kumewaka. Kijani hivi imeingiana na buluu, ikazima. Nikapiga hatua nyengine, ikawaka. Nikafikiri ni macho yangu ama ni njaa. Nikavua viatu nikaingia kwa kidimbwi kilichobaki baada ya maji kutoka, maji ya kifundo tu, nikatia mkono, vidole vyote vitano vikaonekana vimezungushiwa mwanga. Msinicheke lakini nilichutama pale nikaanza kuandika jina la mtoto wangu kwa kidole ndani ya maji, herufi ya kwanza inazima kabla sijamaliza ya pili.

Hapo nikajikuta nimesema "Baba". Si maombi, nilisema tu vile mtoto husema mzazi akiingia mlangoni. Na machozi yakanitoka, mie ni mwanaume wa miaka arobaini na moja.

Makosa yangu ni kwamba nilienda kutoa ushuhuda kwa seli. Kiongozi wetu akanisikiza mpaka mwisho alafu akasema ndugu, hii bahari ya Mombasa ni makao makuu ya majini, kila mtu anajua, na ile nuru ni chambo, na hio amani unayoihisi ndo ndoana yenyewe. Nikawekwa katikati nikapakwa mafuta nikaombewa nifunguliwe. Nikaambiwa niombe kazi mahali pengine, bara bara huko, mbali na maji. Sasa mke wangu hataki nimshike mtoto asubuhi kabla sijaoga. Mama naye kapigiwa simu sijui na nani, akanipigia akilia, "mwanangu usituletee mambo ya Shakahola," ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri walifunga kula mpaka wakafa.

Swali langu ni hili. Nikihisi Mungu yuko karibu nami pale kwa maji kuliko kanisani, ni Mungu ama nimepotea? Naombeni majibu ya upole, kelele nimeshapata ya kutosha.

---

BintiMvuvi alijibu:

Kaka pole na kazi, pole na mafuta pia 😅

Mie nimezaliwa upande wa Kilifi, marehemu baba alikuwa mvuvi wa ngalawa, sisi ni Wagiriama wa kanisa la Anglikana tangu babu. Hayo maji kuwaka nimeyajua kabla sijajua kusoma. Ni vidudu, vidogo mno, jicho halikioni kimoja kimoja, vinaelea majini na vikitikiswa vinatoa mwanga, vina kemikali ndani yao kama vile kimulimuli alivyo nayo. Mguu ukikanyaga vinashtuka, kasia likipiga vinashtuka, samaki akipita chini waona mstari wa moto unakata maji. Wavuvi usiku wa kiza hupenda, manake samaki anajitangaza mwenyewe. Ukiwa na mbalamwezi huoni kitu kwa sababu ule mwanga ni mdogo, mwezi unaumeza. Sasa mwambie kiongozi wako, ni jini gani huyo anayezimwa na mwezi?

Lakini sikujibu ili nikuharibie ule usiku. Watu wengine ukiwaeleza sababu ya jambo wanaona kama Mungu kaondolewa pale, kumbe vipi, mie nilivyoelezwa shuleni kwamba ni viumbe hai maelfu kwa maelfu kwenye kikombe kimoja nilishangaa zaidi ya nilivyokuwa nashangaa nikidhani ni maji tu yanafanya mambo yake.

Ngoja nikwambie ya baba. Baba hakuwa mtu wa kulia kanisani, sijawahi kumwona amefunga macho zaidi ya dakika mbili. Lakini alikuwa hana saa na hana simu na akijua maji yatajaa wakati gani. Alikuwa akihesabu usiku wa mwezi kwa vidole. Mwezi ukiandama ni bamvua, ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana, hapa kwetu ile tofauti yapita mita 3, ndo hio siku yako ulikuta maji yameenda mbali. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanajaa kidogo yanapwa kidogo, kama mtu mgonjwa. Na kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi kuliko jana. Yakijaa leo saa kumi, kesho ni karibu saa kumi na moja. Alinifundisha nikiwa darasa la tatu nikapata hesabu zote za kujumlisha kwa sababu ya bahari.

Na alikuwa na ombi moja tu, tukimsaidia kusukuma ngalawa yeye husema, si kwa sauti ya maombi, kama mtu anayeongea na jirani: "Umeyarudisha maji, turudishe na sisi." Basi. Anaruka ndani anaenda. Miaka yote ombi ni lile lile, na mama yangu mpaka leo akiona maji yanaingia kwenye mkondo hulisema, na baba keshakufa, na hakufa baharini, alikufa kwa sukari.

Mie kwangu Mungu yuko hapo, kwa ile dakika 50. Ule mwanga ni mzuri lakini hutokea siku moja moja. Maji hayajawahi kukosa kurudi hata siku moja tangu nizaliwe.

---

Ndugu_Mkweli alijibu:

Mimi nitasema ukweli hata kama hamtapenda. Kiongozi wako hajakosea. Soma Kumbukumbu la Torati 4:19, watu wa Mungu walionywa wasiangalie jua na mwezi na nyota wakashawishika kuvisujudia. Soma Warumi 1:25, waliabudu kiumbe wakamwacha Muumba. Na 2 Wakorintho 11:14 Shetani mwenyewe hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru, NURU ndugu, si giza. Mtu akikwambia nilihisi amani jiulize ni nani kaileta, manake hata mlevi ana amani mpaka saa ile pombe itatoka.

Na hapa Mombasa tusijifanye hatujui. Kila mtaa una mtu wa kukuhadithia ya mwanamke aliyemwona ufuoni usiku, kuangalia miguu ni kwato. Mimi nimekulia Bombolulu, nimesikia mpaka nimechoka. Omba uhamisho. Damu ya Yesu ikufunike.

---

BintiMvuvi alijibu:

@Ndugu_Mkweli umesikia, hujaona. Mie nimelala ufuoni utoto wangu wote nikingoja ngalawa na kwato nilizoziona ni za mbuzi wa jirani.

---

Likoni_Yetu alijibu:

Nimesoma nimetoka nimerudi, sijui hata kama niandike.

Shangazi yangu alikuwa kwa feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 1994. Watu 272 walikufa pale, karibu na nchi kavu kabisa, watu wakienda kazini asubuhi. Mimi nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka nyumba ilijaa viatu mlangoni, viatu vingi mno, na mimi nikiangalia viatu tu kwa sababu ndani sikuruhusiwa kuingia. Binamu zangu watatu wakaja kukaa kwetu, mama akatulea sote kwa mshahara wa kufua nguo.

Kwa hivo kaka mimi sikukatazi kuhisi unachohisi. Lakini mtu akisema mbele yangu ati bahari inaonyesha upendo wa Mungu mimi hunyamaza tu nikanywa chai yangu. Bahari hio hio. Mimi huvuka Likoni kila siku asubuhi na jioni na sijawahi kuangalia maji, naangalia mgongo wa mtu aliye mbele yangu mpaka tufike.

Kama kuna mahali nilimwona Mungu ni kwa mikono ya mama, vile ilikuwa imebabuka kwa sabuni na bado akigawa ugali sahani nne sawasawa. Ya kwake anakula ukoko. Hayo ndo maajabu mimi nayajua. Samahani kama nimeharibu mada.

---

SojaWaShanzu alijibu:

Hujaharibu ndugu yangu. Nimesoma nikiwa zamu nikazima simu kidogo. Pole sana, na mama apewe maisha marefu.

@BintiMvuvi sikujua kabisa kama ni vidudu, asante. Nimemwambia mke wangu, akauliza "vidudu vya aina gani, vinauma?" sasa amehama kutoka majini kwenda magonjwa 😂

@Ndugu_Mkweli sijasujudia maji. Nilisema Baba. Bahari sikuiambia kitu.

---

Kijana_wa_Tudor alijibu:

Naingia kwa ufupi manake niko na bando ya kuisha usiku wa manane.

Sisi ni grupu ya vijana wa kanisa tunapanda mikoko huku mkono wa bahari wa Tudor. Kaka Soja siku ya ofu njoo upande huu mchana nikuonyeshe kitu. Kuna mti unaitwa mchu, unasimama kwa maji ya chumvi mizizi yake ya kupumulia imetokeza juu ya tope kama penseli, chukua jani lake ligeuze ulirambe. Chumvi! Mti unakunywa maji ya bahari alafu unaitema chumvi kwa majani. Na mkoko wenyewe mbegu yake haingoji kuanguka, inaota ikiwa bado imening'inia kwa mama yake, inarefuka kama maharagwe makubwa ya kijani, ikianguka inajichoma kwa tope iko tayari. Mara ya kwanza kuelezwa hio nilikaa chini kwa tope na suruali nzima.

Lakini sasa nikwambie upande wa pili ambao watu wa mahubiri ya machweo hawausemi. Maji yakipwa hapa kwetu kinachobaki ni pampasi. Pampasi, chupa, kiatu kimoja kimoja (siku zote kimoja, sijui cha pili huenda wapi), mifuko ya zamani ambayo ilipigwa marufuku 2017 na bado iko hapa imezikwa kwa tope kama ushahidi. Tunaokota magunia kumi na bamvua ya pili inaleta mengine. Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, sawa, amina, lakini njoo usikie tope la Tudor linahubiri nini. Paulo alisema viumbe vyote vinaugua pamoja, Warumi 8:22. Mimi hio ndo aya yangu ya uumbaji. Nikiwa nimeinama na gunia nahisi Mungu yuko karibu sana na hajafurahi.

---

Mwalimu_Rabai alijibu:

Wanangu hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu na katekista, naishi Rabai, naandika polepole kwa hivyo mnivumilie na urefu.

Kwanza nina hadithi ya huku kwetu. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, yule mmisionari Mjerumani aliyekuwa akikaa hapa Rabai pamoja na mmisionari mwenzake Krapf, alifunga safari ya kwenda Uchagani. Tarehe 11 Mei asubuhi akaona juu ya Mlima Kilimanjaro kitu cheupe akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wa njia, yule mtu akamjibu ni baridi. Hakuwa na neno la theluji, akatumia alilokuwa nalo, na mimi naona alitafsiri vizuri kuliko wengi. Sasa hadithi za watu wa misafara siku zile zilikuwa kwamba ule mlima una majini, kwamba waliopanda walirudi mikono na miguu imekufa. Ilikuwa imekufa kweli! Hawakudanganya. Ila kilichowaua vidole ni baridi.

Na mkidhani ujinga ulikuwa huku peke yake, Rebmann alipoandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta, wasomi wa London ambao hawajawahi kukanyaga Afrika walimbishia kwa miaka. Mwaka uliofuata Krapf akauona Mlima Kenya nao una theluji, wakambishia na yeye. Kwa hivyo kuna mtu anayeona jambo la ajabu akasema ni jini, na kuna mtu anayeambiwa jambo la ajabu akasema haliwezekani, na wote wawili hawajakwenda kuangalia. Ndugu Soja yeye alivua viatu.

Pili, swali lako. Paulo katika Warumi 1:20 anasema mambo ya Mungu yasiyoonekana yanafahamika kwa kazi zake, na anayataja mawili, uweza wake wa milele na Uungu wake. Angalia alipokomea. Maji yale yanaweza kukwambia yuko na ni mkuu kuliko wewe. Hayawezi kukwambia kwamba umesamehewa. Hayawezi kukwambia jina lake. Wewe ulisema "Baba", neno hilo hukulitoa kwa vile vidudu, ulilitoa kanisani, pale pale penye spika, au kwa mama yako huko Magharibi. Ndiyo maana nasema ule usiku si mbadala wa kanisa. Mtu akipata barua na picha kutoka kwa mtu mmoja hawezi kusema picha inanitosha kwa sababu barua ina mwandiko mbaya.

Na ndugu wa Likoni, wewe hukuharibu mada, wewe umeiokoa. Zaburi ya 107 inasema washukao baharini katika merikebu huziona kazi za Bwana na maajabu yake vilindini (mimi nikiisoma nasikia Kilindini, siwezi kujizuia). Watu huishia hapo, wanaibandika kwa kalenda. Ukiendelea mstari unaofuata ni dhoruba, watu wanapepesuka kama walevi, akili zimewaishia, wanalia. Zaburi haikusema bahari ni pole. Na wengine hawakufika ile bandari waliyoitaka, shangazi yako hakufika, na mimi sina jibu la kukupa, nimezika watu wengi nikiwa katekista na sijawahi kuwa nalo. Endelea na mikono ya mama yako.

Tatu, mama yake Soja. Msimcheke. Kule Shakahola miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia 2023, na sisi wa Pwani tunaishi karibu, kuna vijiji ambako hakuna asiyejua familia moja. Mzazi akisikia mtoto wake anakwenda peke yake usiku kumtafuta Mungu lazima moyo umdunde. Lakini msitu haukuwa na kosa, mwanangu. Watu walikatazwa kula, wakakatazwa shule na hospitali, wakabaki wanasikia sauti ya mtu mmoja tu. Kwa hivyo mimi ningekupima hivi: ule usiku umekufanya umpende mkeo zaidi au umemkimbia? Unakula? Unaweza kuambiwa umekosea? Umekuja hapa kuuliza, na Ndugu Mkweli amekugombeza na hukutukana. Mimi nimeridhika.

Tafuta ibada ya Jumanne. Kuna makanisa yana ibada ya jioni katikati ya wiki, wengine mchana wa saa saba kwa ajili ya wafanyakazi. Nenda ukiwa umelala vizuri. Wala usigombane na kiongozi wako wa seli, mwalike.

---

Ndugu_Mkweli alijibu:

Mwalimu shikamoo. Nimekusoma mara mbili. Kwa mambo ya majini sijaondoka kwa msimamo wangu, nimeona mengi. Lakini kwa hilo la neno Baba nimekubali, jini hawezi kumfanya mtu aseme Baba akalia. Na kwa spika pia nakubali, zimezidi, sisi kwetu jirani amekuja na chifu.

---

Likoni_Yetu alijibu:

Asante mwalimu. Sijazoea mtu kusema hana jibu.

---

SojaWaShanzu alijibu:

Wapendwa nimerudi, wiki mbili zimepita najua wengine mlishasahau huu uzi.

Jumanne ilopita ilikuwa ofu. Mchana nilienda Tudor kwa yule kijana, nikaramba jani, kweli chumvi. Nimebeba moja nikampelekea mtoto, akaliramba akanilambisha tena na mie kama sijui. Mke wangu akaangalia, akachukua, akalinusa, hakuramba. Lakini jioni akaniuliza mwenyewe, hayo maji yako yanawaka saa ngapi.

Basi tukamwachia shemeji mtoto tukashuka, mwenzangu alokuwa zamu akatufungulia geti, ilikuwa kama saa nne usiku. Na mie mjinga nimesahau kabisa kuhesabu. Mwezi mpevu! Ufuo wote mweupe, unaweza kusoma gazeti. Maji yamepwa yako mbali kule vile BintiMvuvi alisema. Nikamwonyesha kile kidimbwi, nikatia mkono, hakuna. Nikakoroga, hakuna. Nikapiga teke, maji tu. Mke wangu amesimama na leso kichwani ananiangalia vile navyoruka ruka. Akasema "ndo hayo majini wamenipakia mume mafuta?" alafu akacheka mpaka akakaa chini.

Mwezi ujao kukiwa kiza tutarudi, ameshaniambia nisipange kitu. Kiongozi wa seli nilimwalika, akasema ataomba kwanza aone.

Tukakaa pale chini kama nusu saa, hatukuomba, tukaongea mambo ya karo na ya dadake. Kaa wanatoka kwa mashimo wanatuangalia wanarudi. Upepo wa kaskazi unapiga kidogo. Alafu akanyamaza, akaangalia kule mbali maji yalikoenda, akaniuliza na yanarudi saa ngapi, nikaanza kuhesabu kwa vidole.